Sukari ya Anord

Kule Bulwa, kwenye kiwanda cha chai alichokitumikia tangu ujana mpaka upara ukamfika kisogoni, Anord Shemweta hakuitwa Anord. Aliitwa Nikistaafu. Jina hilo alipewa na wenzake wa chumba cha kukaushia, na hawakumwonea, maana neno lenyewe lilikuwa halimtoki mdomoni. Wenzake wakizungumzia mpira, yeye nikistaafu. Wakimsengenya msimamizi, yeye nikistaafu. Wakinyamaza kabisa, wamechoka, vumbi la chai limewajaa puani na kooni, hapo ndipo alipopata nafasi nzuri zaidi. Nikistaafu nitarudi kwetu Lushoto, kule juu kwenye baridi. Nitalichonga shamba la marehemu baba liwe matuta kuanzia kileleni mpaka karibu na kijito. Nitapanda mapeasi na matunda damu. Mbele ya nyumba nitaweka viti viwili, changu na cha Mama Clemence, tukae tuyatazame yakikua.

Tusimcheke upesi. Wako watu wengi wanaofika siku ya mwisho ya kazi kama mtu aliyeshushwa kwenye basi akiwa usingizini, hajui yuko wapi wala aelekee upande gani. Anord alijua. Aliulizia miche kukiwa kumebaki miaka mingi, akajua ipi inapenda jua la asubuhi na ipi haivumilii maji kusimama. Vile viti viwili alivichongesha kwa seremala wa kambini, vya mninga, vyenye mahali pa kuegemeza mikono, akavisafirisha juu ya basi mpaka nyumbani kabla hata hajapata barua ya kuagwa. Mke wake Beatha alivipokea, akavipanga barazani, na kwa muda mrefu kimoja kilikuwa cha kuanikia maharage na kingine cha kuku kulalia.

Nyumbani kwao ni kijiji kilichoning'inia juu ya barabara iendayo Kifungilo. Beatha aliletwa hapo akiwa mwali, akakabidhiwa shamba, mama mkwe na jiko, na mume akarudi kazini. Ndoa yao, ukiitoa likizo ya Desemba, ilikuwa ndoa ya simu, na kabla ya simu ilikuwa ndoa ya salamu za kutumiana kwa watu. Watoto wawili walizaliwa, wakasoma, wakateremka mlima. Clemence yuko Dar es Salaam, dada yake ameolewa Magoma. Beatha alibaki na mteremko.

Na mteremko wa huko si mchezo. Ukilima umesimama vibaya, viazi vyako vinaweza kubiringika mpaka kwa jirani. Kazi kubwa haiishi kwa mikono ya nyumba moja, kwa hiyo watu huitana. Leo wako kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Anayeitwa anakuja na jembe lake, anayeita anapika makande na kuchemsha chai, na hakuna anayemlipa mwenzake. Ila kila aliyekuja ameacha siku yake pale, na ipo zamu atakayokuja kuichukua. Wenyewe husema hivyohivyo: fulani ana siku kwangu, siku zangu kwa fulani zimekwisha. Haiandikwi popote na haisahauliki.

Anord aliyajua hayo tangu akiwa mtoto wa kuchunga mbuzi, na ndiyo maana alijiona mjanja. Kila Beatha alipomletea habari kwamba kuna kazi kwa jirani yao Silvano, au kwa mume wa Mwanahawa alipokuwa hai, yeye alikwenda dukani akanunua sukari, akaifunga vizuri kwenye mfuko wa unga, akampa kondakta wa basi la Korogwe, huyo akampa mwenzake wa basi la kupanda Lushoto. Miaka ile ya mwanzo sukari ilikuwa ngumu kupatikana huko milimani. Ikifika shambani watu waliacha majembe wakaishangilia. Chai ya siku hiyo waliiita kabisa sukari ya Anord. Beatha alimsimulia mumewe kila mara jinsi walivyofurahi, na kila mara Anord alihisi kwamba kuna kitu amekiweka mahali salama, kinamngoja.

Hakukosa hata mara moja, hilo tumpe. Sukari ilikwenda kwenye palizi, ikaenda kwenye kusomba mawe ya misingi, ikaenda kwenye kufukua njia zilizozibwa na udongo. Mwenyewe alikuja Desemba, akiwa amechoka, na watu walimwacha apumzike kwa sababu yuko likizo. Hakuna aliyemwita aje na jembe. Aliona ni heshima.

Alistaafu mwaka juzi. Kiwanda kilimpa saa ya ukutani na soda, wenzake wakamchangia blanketi, na mmoja akasimama akasema sasa jina la Nikistaafu limekosa mwenyewe. Watu walicheka. Anord naye alicheka, kisha akakohoa kwa muda, maana kikohozi cha vumbi kilikuwa kimeshahamia kifuani mwake na hakikuonyesha dalili ya kustaafu pamoja naye.

Miezi ya kwanza nyumbani ilikuwa ya kuoneana haya. Beatha alikuwa amezoea kulala katikati ya kitanda. Alikuwa amezoea kula viazi vya jana akiwa amesimama mlangoni, asiandalie mtu meza. Anord aliamka kwa saa za kiwanda, akaoga, akavaa, akakaa kwenye kiti chake cha mninga kusubiri chai, na Beatha alipita mbele yake na ndoo, akapita na kuni, akapita na jembe. Alimwambia akae naye kidogo kwenye kile kiti kingine. Akajibu kwamba atakaa. Kilikuwa na maharage.

Lakini shamba lilikuwepo, na mpango ulikuwepo. Kiinua mgongo kiliishia kwenye bati la nyumba na kwenye miche, ambayo Anord aliipanga chini ya kivuli cha ndizi nyuma ya jiko, akainyweshea kila asubuhi kwa kopo lililotobolewa. Vibarua hakuweza kuwaajiri, na hakuona sababu. Alihitaji mikono mingi kwa wakati mmoja, matuta yachongwe kabla ya masika, nyasi za kushika kingo zipandwe, miche iingie ardhini ikutane na mvua. Akichelewa mwaka huu, miche ingekuwa imeviringisha mizizi ndani ya vifuko, na yeye angekuwa mzee zaidi. Mikono ilikuwepo kijiji kizima. Kwa hesabu yake, alikuwa na akiba kubwa kuliko mtu yeyote mlimani pale.

Desturi ni kwenda nyumba kwa nyumba, ukakaa, ukauliza hali za watoto na za ng'ombe, mwisho ukasema shida yako. Anord, mtu wa kiwanda, aliona hiyo ni kupoteza muda. Alimwomba mzee wa kanisa atangaze baada ya ibada, na majirani Waislamu aliwaambia mwenyewe sokoni, mmojammoja alipokutana nao. Wote walisema wamesikia. Beatha alikuwa kanisani siku ya tangazo. Aliinama akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, na hakukipata mpaka watu walipotoka.

Siku yenyewe ilipofika, Anord aliamka ukungu ukiwa bado umelala bondeni. Alikuwa amenunua sukari nyingi kuliko alivyowahi kununua. Beatha alichemsha chai kwenye sufuria la misibani, akapika makande. Anord alisimama kwenye kona ya shamba na vijiti vyake na kamba ya kupimia matuta.

Watu walipita. Hilo ndilo lililomuumiza, kwamba walipita palepale mbele yake, kwenye njia inayokata juu ya shamba, na majembe mabegani. Walikuwa wanakwenda kwa Mwanahawa, mjane, ambaye ukuta wa shamba lake ulikuwa umebomoka. Vijana wakamwamkia shikamoo mzee. Wanawake wakainama kidogo, wakamuuliza ameamkaje, kifua kinaendeleaje. Wakampa pole ya kazi. Hakuna aliyegeuza uso wala kuharakisha mwendo, kwa sababu hakuna aliyejiona anafanya kosa. Anord aliwaitikia wote. Alidhani wamechanganya siku. Baadaye alidhani watarudi mchana. Jua lilipopinda, Beatha alikuja akaishika kamba upande wa pili, wakapima tuta moja wakiwa wawili, wakaanza kulichimba, na kabla hawajafika katikati Anord alikuwa ameketi chini anatafuta pumzi. Makande walikula siku zilizofuata mpaka yakachacha.

Alikwenda kwa Silvano. Hao walitahiriwa pamoja, wakaiba miwa pamoja, na kama kuna mtu ambaye angemwambia ukweli bila kuuzungusha ni yeye. Alimkuta anachonga mpini.

"Silvano, nimewakosea nini watu?"

"Hujamkosea mtu."

"Mbona hawakuja?"

Silvano aliupima mpini kwa jicho, akauweka chini. "Hakuna mwenye siku yako, Anord."

"Na sukari yangu? Miaka yote ile?"

"Sukari yako tuliikoroga, tukainywa, tukashukuru. Ilikuwa tamu. Ikaisha siku ileile."

Hakuyasema kwa ubaya. Alimweleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni njia, kwamba watu hapa wanamheshimu, wanamhesabu kama mtu wa watu, na akifa watamzika vizuri sana. Lakini siku inalipwa kwa siku. Mtu aliyeinama shambani kwako mpaka kiuno kikamuuma, utamlipa kwa kiuno. Sukari ni zawadi, na zawadi jibu lake ni asante, na asante walimtumia kila mara kupitia kwa mkewe. Je, hazikumfika? Anord alisema zilimfika.

Alirudi nyumbani kwa njia ya mbali ili asipite karibu na watu. Hasira ilikuwepo, aibu ilikuwepo, na chini yake kulikuwa na jambo baya zaidi, nalo ni kwamba Silvano alikuwa anasema kweli na yeye Anord alikuwa anaijua kweli hiyo tangu utotoni. Aliisahau akiwa Bulwa, mahali ambapo kila kitu kilikuja kwa zamu na malipo.

Basi akaamua kuzichuma hizo siku. Hapo utamhurumia. Wiki iliyofuata kulikuwa na kazi tena kwa Mwanahawa, kuumalizia ule ukuta, naye akatokea asubuhi na jembe jipya, shati la kiwanda limefungwa vifungo mpaka shingoni. Watu walimpokea kwa furaha ya kweli. Wakampa mahali pazuri, penye udongo laini. Alianza kwa nguvu, akitaka waone, na walipogeuka alikuwa amejikunja juu ya mpini, kifua kinapiga filimbi, machozi yanamtoka kwa kukohoa. Mwanahawa mwenyewe ndiye aliyekuja kumshika mkono. Ni mwanamke mdogo kwake, angeweza kuwa binti yake.

"Baba, njoo ukae hapa kivulini," alisema. "Utusaidie kuangalia chai isimwagike."

Akakaa. Akaangalia chai. Ilipochemka walimletea sukari, akakoroga, akawamiminia vikombe mmojammoja, na wakamwambia hakuna anayejua kukoroga kama yeye. Jioni kila mtu alipoondoka, Mwanahawa aliwaaga kwa maneno yale ya kawaida, kwamba siku yako ninayo, na yako ninayo. Alipomfikia Anord alimwambia asante sana, Mungu akuzidishie. Anord alibeba jembe lake jipya akaenda nalo, halijaingia udongo wa kutosha hata kuchafuka.

Baada ya hapo akawa mtu wa kiti. Alikaa barazani tangu asubuhi, blanketi la wenzake magotini, akitazama mteremko. Hakunyweshea tena miche, Beatha ndiye aliyeinyweshea. Hakusema nikistaafu, kwa kuwa alikuwa ameshastaafu, na hakuwa na neno jingine la kuweka mahali pa lile. Clemence alipiga simu akamuuliza baba unaendeleaje, akajibu anapumzika. Chakula alikigusa akakirudisha. Beatha alimwona anakonda hapo kitini. Akamwogopea.

Mwisho ni Anord aliyeanza. Beatha alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, ameketi chini kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Mama Clemence, wewe unazo siku kwa watu."

"Ninazo."

"Nyingi?"

"Zipo."

"Waite."

Beatha aliendelea kuchambua. Alimwambia kwamba nyingi zilishatumika. Zilitumika kumbeba mama yake Anord kwa machela mpaka hospitali, barabara ilipokatika. Zilitumika jiko lilipoanguka, na bomba lilipotakiwa kuchimbiwa mtaro. Yeye alikuwa Bulwa. Zilizobaki ni zile alizoziweka kwa wanawake wadogo, kwa Shamsa, kwa mkwe wa Silvano, kwa Mwanahawa mwenyewe.

"Unajua nilikuwa naziwekea nini hizo?"

Anord hakujua. Hajawahi kuuliza.

"Uzee, Baba Clemence. Wewe ulikuwa na kiwanda, kitakupa kiinua mgongo. Mimi nani angenipa? Nikasema nikalime kwa hawa walioolewa juzi, wenye nguvu bado, ili mgongo wangu ukigoma waje wanilimie maharage yangu pale chini nile. Hicho ndicho kiinua mgongo changu."

Miaka yote Anord alipokuwa akitangaza mipango yake kwenye chumba cha kukaushia, mtu mwingine alikuwa anapanga uzee wake huku juu, kimya, kwa jembe, na hakumtangazia mtu. Anord alisikia, na akaona aibu, na pamoja na aibu hiyo akaomba tena. Alisema mapeasi yakianza kuzaa hawatahitaji mtu wa kuwalimia. Alisema ni kwa ajili yao wote wawili. Alisema hana kitu kingine. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomshinda Beatha. Laiti angemkatalia. Lakini mtu huwezi kumtazama mumeo anakufa kwenye kiti ulicholetewa kwa basi, ukabaki umezishika siku zako.

Beatha alijitanda kanga akaenda nyumba kwa nyumba. Alikaa, akauliza hali za watoto na za ng'ombe. Shamsa, aliyekuwa na siku nyingi za Beatha kuliko wengine, alimuuliza kama ana hakika, kwa sababu masika yako karibu, na udongo uliochongwa leo haujashikwa na nyasi. Angesubiri yapite. Beatha alijibu kwamba mzee hawezi kusubiri.

Walikuja. Walikuja alfajiri na majembe, wanawake wengi na wanaume kadhaa, wakajipanga kwenye mteremko kuanzia juu, na shamba la marehemu Shemweta likaanza kukatwa ngazi. Anord alizaliwa upya. Alipanda na kushuka na kamba yake, akipumzika, akipanda tena, akielekeza. Aliwachemshia chai, akawakorogea. Waliimba kwa Kishambaa, na aliposahau maneno walimcheka wakamwimbia tena polepole. Jioni matuta yalikuwa yamefika karibu na chini, na miche ilikuwa imesimama kwenye mistari, kila mmoja na kijiti chake. Walipoaga, kila mmoja alimwambia Beatha neno lilelile: zimekwisha, mama, hatudaiani. Beatha aliitikia kila mmoja. Kisha akayatoa maharage kwenye kile kiti cha pili, akaketi. Walikunywa chai wakitazama chini mpaka baridi ikawaingiza ndani. Ilikuwa jioni moja hiyo.

Nyasi za kingo zilipandwa siku zilizofuata, wakiwa wawili. Hazikuwahi kushika. Masika mwaka ule hayakuanza kwa manyunyu kama yalivyozoea. Yalianza mchana mmoja kwa mvua iliyosimama palepale juu ya mlima ikakataa kusogea. Anord alikuwa kwenye kiti chake. Aliona tuta la juu kabisa likivimba kama unga uliotiwa hamira, likatulia, kisha likashuka. Likalikalia la pili, yakashuka pamoja. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Ulikuwa mlio wa kitu kizito kinachoburutwa. Miche ilishuka imesimama wima na vijiti vyake, kwa heshima zote, kisha ikalala kifudifudi mmoja baada ya mwingine. Udongo ulipofika chini haukusimama kwenye mpaka. Uliingia kwenye kipande cha maharage cha Beatha, kile kilichokuwa kinawalisha siku zote, ukakifunika mpaka kwenye kijito.

Beatha alitoka jikoni, akasimama kwenye mvua bila kujitanda kitu. Hakulia wala hakumlaumu. Anord alitaka alaumiwe, angalau apate la kujibu, lakini Beatha alisimama tu akiangalia mahali palipokuwa na maharage, akarudi kuangalia jiko lake.

Mvua ilipokatika, watu walikuja kutoa pole. Huko mtu akipata hasara kama hiyo haachwi peke yake. Walikuja mchana kutwa, wakavua viatu vyenye matope barazani, wakaingia, wakaketi, wakasikitika kweli. Silvano alishika mkono wa Anord akakaa naye muda mrefu. Hakuna aliyekuja na jembe. Kwa nini waje nalo? Hakuna aliyedaiwa. Ila hakuna aliyekuja mikono mitupu pia. Mwanahawa alifungua kanga, akaweka mezani mfuko wa sukari.

"Na wewe baba ulitunywesha sana," alisema.

Shamsa akaweka wake. Silvano akaweka wake. Walioingia nyuma yao wakaweka, kila mmoja na neno lake la kukumbuka chai ya zamani, palizi ya mwaka fulani, sukari ilipokuwa haionekani dukani na ya Anord ikafika. Walikuwa wanamheshimu. Mifuko ikajaa mezani, mingine ikapangwa chini ya saa ya ukutani. Anord alishukuru kila mmoja. Kila mfuko ulipogusa meza alihisi kitu kinafungwa, na ulipogusa wa mwisho hakukuwa na kilichobaki wazi.

Walipoondoka, Beatha aliiangalia ile sukari, akauliza wataipeleka wapi yote hiyo, watu wawili, mmoja wao amekatazwa na daktari.

Anord alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Alijibu bila kugeuka.

"Si ulisema kesho kuna kazi kwa Shamsa? Ipeleke huko."

 Asubuhi Beatha alijifunga kanga kiunoni kwa nguvu, jinsi walivyojifunga wale walioolewa juzi. Alichukua jembe kwanza, akaliweka begani, akalisogeza mpaka likakaa mahali pasipouma, kisha ndipo akachukua mfuko mmoja wa sukari. Alipanda ile njia inayokata juu ya shamba, polepole, mkono mmoja mgongoni, kwenda kuanza kuweka siku.